Mchanga wa Kilo Sitini na Tatu

"Weka chini hizo, utajiua!"

Foleni nzima ya duka la vipuri iligeuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ambayo mafundi wa mji mzima hujazana kwenye kaunta moja, kila mmoja akipunga kipande chake cha chuma na kudai ahudumiwe kwanza. Mwanamume aliyepigiwa kelele alikuwa amekumbatia boksi la shokap nne nyekundu zinazong'aa. Alishtuka hata boksi likamponyoka, na shokap moja ikatua kwenye ncha ya kiatu chake cha kahawia.

"Samahani, umesema na mimi?" akauliza, huku machozi ya maumivu yakimlengalenga.

Aliyepiga kelele alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, ovaroli ya bluu iliyofifia magotini, buti zenye chuma mbele, kitambaa cha njano kichwani na spana tatu zikichungulia mfukoni. Mafundi wenzake walimwita Mizani, kwa kuwa karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake ndiyo pekee mjini yenye mizani nne za kupimia gari, moja chini ya kila gurudumu. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao shangazi yake alishachoka kumkanya: hawezi kumwona mtu akinunua ujinga akanyamaza.

"Unazifunga kwenye gari gani?"

"Lile pale nje. La kijivu, milango miwili. Nina wiki tatu nalo."

Mizani akachungulia dirishani, akapiga mluzi. Lilikuwa gari jipya la spoti, fupi, limejikunja kama paka anayevizia.

"Hizi ni za gari zito mara moja na nusu ya lile," akasema. "Ukizifunga litarukaruka barabarani kama mpira. Kona ya kwanza yenye mashimo utaagana na lami, uende kusalimia mtaro."

"Muuzaji kaniambia zinaingia."

"Kuingia zinaingia. Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu chako. Ndiyo nitembee nacho?"

Watu wakaangua kicheko. Muuzaji akainama ghafla kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.

"Kumbe wewe ni fundi," mwanamume akasema.

"Ulidhani mpishi? Na wewe?"

"Daktari wa meno."

"Basi sisi ni majirani. Wewe unang'oa, mimi nafunga."

Daktari akacheka kicheko cha kweli, mpaka akasahau kidole chake cha mguu. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa likanyooka, na kwa karibu alinukia karafuu, harufu ya kazi yake. Mizani akahisi moyo unamruka, na palepale akaukasirikia moyo wake.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma alichumbiwa na mteja. Alilifanyia kazi gari la mchumba wake wiki mbili, akalishusha, akalilainisha, likawa linateleza barabarani kama siagi. Siku lilipotoka karakana, jioni yake, aliliona kwenye taa za barabarani. Kwenye kiti cha abiria alikaa msichana asiyemjua, kavua viatu, kapandisha miguu juu ya dashibodi. Tangu siku hiyo aliapa: mteja ni mteja, na mambo ya moyo yaishie getini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini Jumatatu Daktari alikuja karakana, na Mizani akajikuta ameosha uso mara mbili.

Shangazi ndiye aliyempokea. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, mlinzi wa simu, birika na siri zote za pale. "Karibu, baba. Wewe ndiye uliyejiangushia shokap?" akauliza, na Daktari akajua kwamba habari zake zimemtangulia.

Mizani alimpangia mezani aina tatu. "Hizi zinarekebishika kimo tu. Unashusha gari, basi, ugumu wake utakaoukuta ndio huo huo. Hizi za mwisho ni za mashindano. Ukipita juu ya sarafu utajua ni ya shilingi ngapi. Za katikati ndizo zako. Kimo unazungusha huku chini, ugumu unazungusha huku juu. Zungusha, usikie."

Daktari akazungusha kidude cha juu. Kikalia tik, tik, tik.

"Nataka lishuke sana," akasema. "Liguse chini kabisa."

"Hata mimi nataka mengi. Litashuka milimita ishirini na tano, basi. Shokap inahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Ukiinyima nafasi, tuta linapiga bodi moja kwa moja, na bodi linakupiga wewe."

"Na mimi nampiga nani?"

"Unampigia fundi simu, unalia."

Akaagiza za katikati. Zilichukua siku tisa kufika, na katika siku hizo tisa alipiga simu mara kumi na moja. Shangazi alihesabu.

"Fundi, zimefika?"

"Daktari, umeuliza jana."

"Jana niliuliza kama zimetumwa. Leo nauliza kama zimefika. Umekula?"

"Hilo nalo ni la shokap?"

"La mlaji. Usitafunie upande wa kulia, umeshavimba. Nilikuona Jumatatu."

Mizani akashika shavu lake. Jino la kulia lilikuwa linamsumbua mwezi mzima na hakumwambia mtu. Alikata simu akakaa kwenye tairi bovu, kaduwaa, anatabasamu peke yake.

Shokap zilipowasili, Daktari alichukua likizo ya siku moja akaja kumshikia taa. Mizani alifungua za zamani moja moja, akazifunga kwenye boksi lao. "Usizitupe. Siku ukiuza gari, mwenyewe mpya anaweza kuwa na akili zake." Akapachika mpya, akakaza nati, akaliteremsha gari taratibu juu ya mizani nne. Kwenye meza ya pembeni skrini ikawaka: kila gurudumu na namba yake, na chini kabisa jumla. Elfu moja mia moja na themanini.

"Simama hapo kwenye skrini," akamwambia. "Naingia kunyoosha usukani. Mbele kulia inasomaje?"

Akajitupa kwenye kiti cha dereva na buti zake. Daktari akamsomea namba ya mbele kulia. Kisha akabaki amekodolea macho mstari wa chini, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, midomo ikicheza kama mtu anayetoa hesabu.

"Umeona nini?" Mizani akauliza.

"Hamna. Naona mashine yako inasema kweli."

"Haijawahi kudanganya. Sasa nikuulize, kwa kawaida gari hili unaendesha peke yako? Kila gurudumu linabeba kulingana na waliokaa. Nitaweka mifuko ya mchanga kwenye viti, nipandishe hapa, nishushe pale, mpaka ulalo, kona hii kwa kona ile, uwe sawa."

Daktari akakohoa. "Nilitaka kukwambia. Nimehamishwa. Kuanzia mwezi ujao niko mji mwingine, mwendo wa saa nne. Nitakuwa nakwenda na kurudi."

Mji mwingine! Mikono ya Mizani ikateleza kwenye usukani.

"Kwa hiyo lipimie watu wawili," Daktari akaendelea, na sauti yake ikawa na haya isiyo ya kawaida. "Mimi kilo sabini na nane. Kiti cha abiria, kilo sitini na tatu."

"Sitini na tatu?"

"Kamili. Isizidi wala isipungue."

"Ni nani huyo?"

"Mtu ambaye sitaki aumie mgongo njiani. Ijumaa, siku ya gari kutoka, utamwona." Akatabasamu hadi mashavuni, akaenda zake.

Mizani akashuka garini. Alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Yaani simu zote zile, jino, taa, kicheko, kumbe alikuwa anatayarishwa kumlainishia mwanamke mwingine kiti! Kwa mara ya pili! Alichukua beleshi akajaza mifuko ya mchanga kwa hasira, akaitia kwenye mizani ndogo, akachota, akaongeza kiganja, akapunguza vidole viwili, mpaka ikasoma sitini na tatu kamili. Hata akiwa amevunjika moyo, kazi mbovu hakuijua.

"Mwanangu, muulize tu," Shangazi akamshauri.

"Nimuulize nini, Shangazi? Uzito kautaja. Anaujua mpaka kilo ya mwisho. Mwanamume anayejua kilo za mwanamke kamili kamili kazijulia wapi?"

Shangazi akaenda kujaza birika.

Siku ya pili Mizani alikwenda kliniki, akisingizia jino, ambalo kweli lilikuwa linauma. Hakwenda kutibiwa. Alikwenda kupima. Alikaa chumba cha kusubiria, gazeti limepinduka mkononi, akawapima kwa macho wanawake wote waliopita. Mpokea wageni: arobaini na nane, hata na viatu. Mama wa usafi: themanini na ushei. Dada wa Daktari, ambaye picha yake ilining'inia ukutani: sabini, labda zaidi. Alianza kupata matumaini.

Ndipo mlango ukafunguka akatoka msaidizi wa Daktari, mwanamke wa umri kama wake, gauni jeupe la kazi, hereni ndogo za lulu, kucha safi zisizojua grisi ni nini. Jicho la Mizani halikuwahi kukosea kwa zaidi ya kilo mbili. Sitini na tatu.

"Wewe ndiye Fundi!" msaidizi akasema kwa furaha. "Ametuonyesha picha za gari mpaka tumechoka. Ijumaa ndiyo yenyewe, eh?" Na akamkonyeza.

Akamkonyeza! Mizani aliondoka bila kuaga, jino likipiga ngoma. Alifika mtaa wa pili ndipo akagundua kwamba bado amebeba gazeti la watu.

Akapiga simu palepale barabarani.

"Daktari, gari litakuwa tayari Ijumaa saa nne. Tuma mtu alichukue."

"Nitakuja mwenyewe, mama. Nina jambo…"

"Usiniite mama. Tuma mtu. Mimi sitakuwepo."

"Kwani umeshajua?" Daktari akauliza taratibu.

"Nimejua. Mizani yangu haidanganyi, umesema mwenyewe. Nimeelewa kiti kile umekipimia nani."

"Na… hilo ndilo jibu lako?"

"Hilo ndilo. Safari njema."

Akakata, akazima simu. Upande wa pili, Daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alipiga karakana. Shangazi akapokea, akatazama buti mbili zilizochomoza chini ya gari, akasema hayupo. "Basi mwambie nimesikia jibu lake," Daktari akasema. "Ijumaa nitatuma dereva. Siku hiyo hiyo nitaondoka."

Shangazi aliufikisha ujumbe neno kwa neno. Mizani akasema, "Vizuri," kisha akakaa nusu saa nzima chini ya gari bila kugusa kitu.

Ijumaa asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Gari lilikuwa juu ya mizani kwa ukaguzi wa mwisho, mchanga wa kilo sabini na nane kwenye kiti cha dereva, sitini na tatu kwa abiria. Ulalo ulikuwa sawa bin sawa. Jumla elfu moja mia tatu ishirini na moja. Mizani alitaka kujivunia, ikashindikana. Baada ya saa moja dereva angefika, geti lingefungwa, na harufu ya karafuu isingesikika tena pale.

Akafungua mlango wa abiria aondoe mchanga, akaachama. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka. Mchanga umejaa kwenye mshono wa kiti kipya cha watu!

"Shangazi, nishikie skrini, usiizime!" Akaitoa mifuko yote ya upande huo, akachukua brashi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha abiria, akaanza kuchokonoa mchanga pembeni ya mapaja yake.

"Mwanangu," Shangazi akaita baada ya kitambo, "si umesema unatoa mchanga?"

"Nimeshautoa wote."

"Basi mashine imekufa. Inasoma ile ile. Elfu moja mia tatu ishirini na moja."

"Haiwezekani. Lazima ipungue sitini na tatu."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, sikukitunga."

Mizani akatoka. Akaja kwenye skrini. Elfu moja mia mbili hamsini na nane. "Mbona imepungua?"

"Ulipotoka wewe ndipo imepungua," Shangazi akasema, kisha akavua miwani taratibu.

Mizani akarudi kitini. "Sasa?"

"Ishirini na moja."

Akatoka. "Hamsini na nane." Akaingia. "Ishirini na moja!" Akatoka, akaingia, akatoka, Shangazi akiita namba kama mnadi sokoni, mpaka mara ya tano Mizani akaingia, asitoke tena. Akabaki kitini, brashi mkononi, macho yamemtoka. Akaikumbuka siku ile ya usukani. Daktari mbele ya skrini, midomo inacheza. Elfu moja mia moja na themanini, kisha yeye akaingia na buti zake.

Miaka kumi na miwili alikuwa anapima magari ya watu mpaka kilo ya mwisho, na hakuwahi hata siku moja kujipima mwenyewe. Kinyozi hajinyoi.

"Shangazi," akanong'ona, "ni mimi."

"Ni wewe, mwanangu. Na umemfukuza."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa, na nyuma yake kukawa na mvumo wa mashine.

"Fundi? Nina mgonjwa, mdomo uko wazi. Msaidizi kanishikia simu sikioni. Dereva hajafika?"

"Usitume dereva! Daktari, nilidhani ni yule."

"Yule nani?"

"Huyo huyo aliyeshika simu! Nilimpima kwa macho. Nilidhani kiti ni chake!"

Ukasikika ukelele wa mwanamke. "Mimi? Mimi nina mume na mapacha! Na mimi ni kilo hamsini na tisa!"

"Sikujua kilo zangu," Mizani akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, hajali. "Nimejua leo, sasa hivi, kwenye kiti chako. Nisamehe. Jibu nililokupa halikuwa lako. Lilikuwa la mtu mwingine, wa zamani. Nilikuwa sijaulizwa bado."

Mashine ikanyamaza. Mizani akaitazama simu kama bado ina chaji.

"Aa-ii-ee aa-kuu-jaa!" sauti nzito ikaropoka.

"Nani huyo?"

"Mgonjwa," Daktari akasema. "Anasema nikuambie nakuja. Nimalizie jino lake kwanza."

Alifika baada ya dakika arobaini, koti jeupe bado mwilini, kalamu tatu mfukoni, jasho usoni. Alisimama mlangoni kana kwamba anaogopa kukanyaga ndani. Mizani alikuwa bado kwenye kiti cha abiria. Hakuthubutu kutoka.

"Nilidhani umeelewa ukakataa," Daktari akasema. "Siku tatu sijala kitu cha kutafuna."

"Kwa nini hukuniuliza kwa mdomo kama watu?"

"Nilitaka uone kwa macho yako, kwenye mashine unayoiamini. Maneno ya wanaume huyaamini. Shangazi aliniambia siku ya kwanza."

Mizani akageuza shingo kumtafuta Shangazi. Shangazi alikuwa ghafla na kazi nyingi kwenye birika.

Daktari akachuchumaa kando ya mlango. "Basi nakuuliza kwa mdomo. Nataka kukuoa. Sitaki uache karakana yako. Nitarudi kila Ijumaa, kwa gari ulilolipima wewe. Na siku ukitaka kuja kule, nimeulizia mji mzima. Hakuna hata mtu mmoja mwenye mizani nne."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wanapima kwa macho."

"Mungu wangu," Mizani akasema, ameshtuka kweli kweli. "Wataua watu." Kisha akacheka na kulia kwa pamoja. "Nimekubali. Nimekubali, Daktari. Inuka, unachafua koti."

"Mzunguko mmoja tu wa kujaribu gari!" Shangazi akapaza sauti kutoka kwenye birika. "Halafu mrudi tuzungumze na wazee."

Mizani akaomba dakika kumi. Alirudi amevaa gauni la kijani ambalo Shangazi alikuwa hajaliona tangu ule uchumba uliovunjika, viatu vyepesi miguuni, nywele zimeachiwa. Daktari, tayari kwenye kiti cha dereva mahali pa mchanga, alisahau mikono yake juu ya usukani. Mizani akaingia, akajipanga vizuri, akafunga mlango.

"Shangazi, hakikisha mara ya mwisho."

"Elfu moja mia tatu na kumi na nane."

"Kumi na nane?" wakauliza wote wawili.

"Kilo tatu zimepotea."

Daktari akamgeukia, uso umemsawajika. "Siku ile nilikupima sawasawa!"

Mizani akajitazama, kisha akaitazama ovaroli iliyoning'inia msumarini, mfuko wake umelemewa na spana, na buti zenye chuma zilizolala chini yake. Akajipiga kofi la paji la uso.

"Itabidi nishushe upande huu upya," akasema.

"Itachukua muda gani?"

"Saa mbili."

"Saa mbili siwezi," Daktari akasema.

Mizani akavua viatu vyepesi, akashuka, akatumbukiza miguu kwenye buti bila soksi. Akatia zile spana tatu kwenye mkoba wake mdogo, ukalia kwa uzito. Akarudi kitini na gauni lake la kijani, akaupakata mkoba, akafunga mkanda.

"Shangazi?"

"Ishirini na moja," Shangazi akasema. "Nendeni."